Fremu ya Shemeji

Kliniki, chumba cha daktari,
Jumapili, mchana.

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu nazitanguliza mbele ya habari zangu, maana habari zikitangulia sidhani kama utabaki na mkono wa kuzipokea salamu. U hali gani wewe? Presha imeshuka? Zile dawa nilizokuachia msibani unazimeza, au umeziweka juu ya kabati zipumzike? Nakujua. Wapwa zangu hawajambo? Mkubwa amerudi shuleni? Na yule mdogo, bado anagombana na kila anayekalia kigoda cha baba yake kule karakanani? Mwacheni agombane. Mimi mwili hauna neno, chakula kinapita, usingizi unakuja unapotaka wenyewe. Kama ni mzima au si mzima, utaniambia wewe ukimaliza kusoma.

Barua yako niliipata Jumatatu pamoja na karatasi za wakili. Nimeisoma hata mikunjo imelegea. Umenitaka mambo mawili. La kwanza, nije Alhamisi nisimame mbele ya hakimu niseme kwamba cheti changu cha udaktari kiliibwa na yule tajiri mwenye zahanati ya sokoni, zahanati aliyofia mume wako. La pili hukulitaka kwa sauti. Uliliandika pembeni mwa karatasi kwa wino mwingine, kama mtu aliyekwisha kuaga akarudi mlangoni: kwamba mpaka leo hujui ni nini kilimgeuza mawazo shemeji ulipotoka kwenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa. Ulimwacha ameshavaa viatu, ukarudi ukamkuta amevivua.

Nitakujibu yote mawili. La pili ndilo zito, kwa hiyo naanza na la kwanza. Na naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utaniita Kidomo, na ukishaniita Kidomo basi tena, nitalia kama mtoto na nisiseme kitu.

Kwanza lazima tuzungumze habari za pesa. Najua huzipendi. Ninyi huko nyumbani mnaamini daktari mwenye kliniki yake anafungua bomba tu pesa zikatiririka. Sikuwahi kuwakanusha, kwa kuwa ilinipendeza mkiamini hivyo. Ukweli ni kwamba nilipoacha kazi ya serikali niliondoka kwa mbwembwe, na mbwembwe zina bei. Vyumba viwili vingenitosha, nikapanga jengo zima. Daktari wa mtaa wa pili alikuwa na mashine ya eksirei, nami nikachukua mkopo nikanunua ya kwangu, kubwa kuliko yake, na wagonjwa wa kulala chini yake sikuwa nao. Kampuni za bima zilinilipa wakati zilipojisikia, na nusu ya madai yangu yalirudi kwa sababu ya sahihi iliyosahaulika au tarehe iliyokosewa. Majirani walitibiwa wakaniambia, andika tu daktari, mwisho wa mwezi tutaonana. Tulionana kweli, wao wakivuka barabara kwenda upande wa pili. Mshahara wa muuguzi nilitoa mfuko wa nyumbani, karo za watoto nikachota droo ya kliniki, na kila jioni mke wangu na mimi tuligombana kuhusu pesa ambayo hakuna kati yetu aliyejua ilikuwa ya nani. Na dada mmoja wa benki, kwa ajili ya ule mkopo, alinipigia kila wiki kwa sauti tamu kabisa, akiniuliza hali kabla ya kuniuliza deni.

Mwaka juzi chama chetu sisi madaktari wenye kliniki binafsi kilileta mshauri wa biashara atufundishe. Tulikaa kwenye ukumbi wenye baridi ya mashine, kila mtu na chupa yake ya maji, kipaza sauti kikilia kama paka aliyekanyagwa. Yule bwana alisimama mbele yetu, akaivuta mifuko yake ya suruali akaitoa nje ikining'inia kama masikio, akasema hivi ndivyo wengi wenu mlivyo chini ya hayo makoti meupe. Tangu siku ile tukamwita Mzee Mifuko.

Sitamsingizia, dada. Alifundisha vizuri. Alisema mali bila daftari hupotea bila habari. Alisema sisi tunaogopa mgonjwa afe mikononi mwetu, ila kliniki ikifa mikononi mwetu hatushtuki mpaka ianze kunuka. Alitutaka tujilipe mshahara, tena mdogo, kama mtu aliyeajiriwa na mtu mchoyo. Alitutaka pesa ya kodi tuitenge kabla hatujaiangalia usoni. Mashine isinunuliwe kabla hujawajua watakaoitumia. Bima zisumbuliwe kila wiki bila haya, maana anayeona haya kudai cha kwake ataishia kuomba cha mwenzake. Niliyaandika yote. Laiti ningeyafuata hayo tu, leo ningekuwa nakuandikia habari za mvua.

Lakini wakati wa chai, akiwa amezungukwa na watu wachache, alishusha sauti akatuambia kwamba kila mmoja wetu ana shamba ambalo amelitelekeza. Tukamuuliza shamba gani. Akasema cheti chako. Umekisotea ujana wako wote, sasa kinaning'inia ukutani kama kalenda ya mwaka jana. Kuna watu wana majengo, wana vitanda, wana mtaji, na serikali haiwapi kibali kwa sababu hawana daktari. Kikodishe kwao. Wewe lala, chenyewe kifanye kazi. Watu walicheka, na nikaona waliocheka kwa nguvu zaidi ni wale waliokuwa wameshaanza. Nilimuuliza kama sheria inaruhusu. Akanijibu kwamba sheria inataka cheti cha daktari kiwe ukutani, na ukutani ndipo kitakapokuwa.

Mashauri yake mengine yote yalitaka jasho. Hili lilitaka mtu ang'oe msumari tu. Nafikiri ndiyo maana nililichagua.

Yule tajiri nilijulishwa na mwenzangu mmoja. Anauza saruji, bati na rangi, na sisi humwita Saruji. Alikuja hapa akaketi kwenye kiti cha mgonjwa, kiti hichohicho kilicho mbele yangu sasa, akaniambia kwamba hatanisumbua, sina haja ya kufika huko hata siku moja. Anachotaka ni cheti chenyewe, si nakala, kwa sababu wakaguzi siku hizi wanagusa karatasi kwa kidole. Nilimuuliza nani atakayetibu. Akasema ana kijana anayeijua kazi. Nikauliza ameisomea wapi. Akasema kijana amekaa duka la dawa miaka mingi, hakuna dawa asiyoijua. Nilisikia vizuri, dada, siwezi kukuambia sikusikia. Nikamuuliza atanilipa tarehe ngapi.

Akaniambia pia ni mji gani. Ni mji wenu. Hapo ndipo ningesimama, hata kama ningekuwa mwizi wa kawaida. Nilijiambia kwamba ninyi ni watu wa hospitali kubwa, kwamba mnaishi upande wa pili wa mji, kwamba mtu akiumwa kwenu mnanipigia mimi kwanza. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu, na mimi nina elimu, nazipata nyingi kuliko wengine.

Basi nikakishusha cheti. Unaijua ile fremu kuliko mimi. Unakumbuka siku niliyohitimu shemeji alivyokuja nayo ameifunga kwenye shuka lako la maua, ukamgombeza mbele za watu kwa sababu shuka lilikuwa jipya? Mbao ngumu nyekundu, ameipiga msasa mpaka unajiona ndani yake. Kona moja tu ya chini, ya kushoto, ilimshinda. Viungo havikushikana sawasawa, akajaza unga wa mbao na gundi, akapaka vanishi, mtu mwingine asione. Lakini yeye aliiona. Kila alipokuja kwangu, kabla hata hajaketi, alikwenda ukutani akaipapasa ile kona kwa kidole gumba, akasema siku moja ataichukua airekebishe. Nilimwambia aiache, ni kovu la kazi. Na mtu aliyenilipia karo kwa vitanda na makabati, akauza randa yake ya umeme mwaka wangu wa mwisho akarudi kutumia ya mkono mpaka bega likapinda, alikuwa na haki ya kuipapasa fremu yake popote anapoikuta.

Mahali pake niliweka nakala, kwenye fremu ya bati jepesi ya dukani. Ilikuwa ndogo, ukutani pakabaki pembe nne za rangi safi zikiizunguka. Muuguzi wangu aliuliza, nikamwambia mchwa wameanza kula ile ya zamani, imepelekwa kutibiwa. Tangu hapo nikaanza kumwogopa shemeji. Aliponiambia anataka kuja nimpime presha, nilimjibu asipoteze nauli, nitakuja mimi. Wala sikuja. Ulinilaumu kwamba nimekuwa mtu mkubwa, sina nafasi tena na ndugu. Nikaona heri unilaumu kwa hilo.

Pesa ya Saruji ilifika kila mwisho wa mwezi bila kuchelewa, haikuwa kama bima. Dada wa benki akaacha kunipigia. Mke wangu akanunua yale makochi uliyoyasifu ulipokuja. Na zile bati za karakana, ulizolia kwa furaha nilipozileta ukasema sasa mume wako hatanyeshewa tena akiwa kazini, zilitoka humo humo. Nilizinunua dukani kwa Saruji mwenyewe. Alinipunguzia.

Hilo ndilo jibu la kwanza. Cheti hakikuibwa. Nilikikodisha, kwa mkataba, na sahihi iliyoko chini ni yangu. Wewe uliiona ile fremu ukutani ukaapa kwamba ndugu yako ameibiwa, ukaenda polisi, ukatafuta wakili, ukauza cherehani kumlipa. Mara zote ulipokuwa ukinipigania mimi nilikuwa nyumbani nimekaa kwenye makochi.

Saruji alinipigia baada ya wewe kumshtaki. Hakuwa na hofu, alikuwa kama mtu anayepanga bei. Alisema yuko tayari kukubali kwamba cheti kiliibwa, na kwamba aliyekileta ni yule kijana wa duka la dawa, ambaye ameshakimbia na hatapatikana. Mimi nitasema nimeibiwa, yeye atasema amedanganywa, wewe utapewa kitu cha kuwalea watoto, na sote tutatoka salama. Nisikufiche, niliiandika ile taarifa. Ilikuwa nzuri. Mwizi alikuwa na uso, alikuwa na siku aliyokuja, na mimi nilikuwa na uchungu wa mtu aliyeibiwa. Niliisoma nikajionea huruma mwenyewe, ndipo nikaogopa.

Ijumaa nilikwenda baraza la madaktari. Nilimkabidhi mama mmoja wa mapokezi ule mkataba, akausoma amesimama, akavua miwani, akaniuliza kama nimekuja na wakili. Nikasema nimekuja na miguu. Wakaniweka mbele ya watu watatu, mmoja wao alinifundisha upasuaji. Alikuwa akinyoosha karatasi mbele yake kwa kiganja ingawa haikuwa na mkunjo. Leseni yangu imezuiwa, na itafutwa, hilo sihitaji kulisubiri. Kliniki imefungwa jana. Mashine ya eksirei ameinunua yule daktari wa mtaa wa pili, kwa bei ambayo hata Mzee Mifuko angelia, na kwa pesa hiyo nimemlipa muuguzi mishahara yake. Mke wangu amekwenda kwa mama yake. Hakugombana nami. Alikunja nguo za watoto polepole, akaniuliza dada yako anajua? Nikamwambia nitamwandikia.

Kwa hiyo Alhamisi nitakuja, lakini si kwa yale uliyoniitia. Mwambie wakili asinipange kwenye mashahidi wako. Atakasirika, kisha akili itamrudia ataona kwamba kesi haijafa, imeongezeka mshtakiwa. Nishtaki, dada. Usinionee haya kwa sababu ulinibeba mgongoni. Usimwache mtu yeyote akueleze kwamba damu ni nzito kuliko maji. Shemeji naye alikuwa na damu.

Sasa lile la pembeni.

Siku ile, saa za mchana, nilikuwa humu chumbani na bwana wa bima, amekuja mwenyewe baada ya miezi ya kumbembeleza, amefungua faili langu mezani. Simu ikaita, nikaona ni shemeji. Yeye hupiga mara chache, kwa hiyo nikapokea. Alikuwa anacheka. Ni kile kicheko cha mtu aliyeshika tumbo asicheke sana. Akaniambia, kumbe mimi ni msiri kiasi hiki, nina tawi mjini kwao na sijawaambia. Alisema ametazama ukutani akaona fremu, akainuka na maumivu yake akaenda akapapasa ile kona, akajua amefika kwangu. Lakini mlikuwa mnabishana, akasema. Wewe hukubali. Wewe umesema Kidomo hawezi kufungua tawi akakaa kimya, huyo tangu utoto hajaweza kuficha hata sukari mdomoni, hapa kuna kitu hakiko sawa, twende zetu hospitali kubwa. Amekuridhia, ameshavaa viatu, umetoka kutafuta gari. Sasa ananipigia mimi niamue. Kama pale ni kwangu, atabaki. Kama si kwangu, ataondoka na mke wake.

Nilimuuliza anaumwa nini. Mwenyewe sikukusudia kuuliza, ni mazoea ya kazi. Akasema maumivu yalianza kitovuni, sasa yameshuka kulia, chini, ametapika, ana homa, na daktari wangu amemwambia ni vidonda vya tumbo, anataka kumchoma sindano alale. Dada, huhitaji kuwa daktari bingwa. Mwanafunzi angejua ni kidole tumbo, na kwamba kinataka kisu, tena upesi. Mimi nilijua kabla hajamaliza sentensi.

Nikajua na jambo jingine. Hospitali kubwa wangemuuliza ametoka wapi, ametibiwa na nani, na jina lililo juu ya karatasi ya ile zahanati ni langu. Daktari wa zamu wa pale tulisoma darasa moja. Mbele yangu bwana wa bima alikuwa akinisubiri, amekwisha kufungua kalamu.

Nikamwambia ndiyo, ni kwangu. Nikamwambia atulie, yuko nyumbani. Nikamwambia avue viatu, ajinyooshe, wamchome hiyo sindano. Na nikamwomba asikuambie kwamba tumeongea, kwa sababu nilitaka kukushtukiza mwenyewe siku ya ufunguzi. Alifurahi. Alisema atakaa kimya, ila lazima siku hiyo nimruhusu airekebishe ile kona. Kisha akakata simu asinimalizie muda.

Nilijiambia bwana wa bima akiondoka nitampigia Saruji amhamishe kimyakimya. Nilimpigia, hakupokea. Wakaja wagonjwa. Nikasema nitapiga jioni. Jioni ulinipigia wewe.

Kwa hiyo huyo aliyemvua viatu mume wako ni mimi. Si kijana wa duka la dawa, na si ukaidi wa mgonjwa. Alipokuambia mmefika nyumbani, akakataa kukueleza zaidi, alikuwa anatunza siri yangu. Unamjua alivyokuwa akiahidi. Ile simu yake uliyoifungia kwenye mtoto wa meza, uliyosema huna moyo wa kuiwasha, siku ukiichaji utakuta jina langu ndilo la mwisho.

Msibani ulinikalia karibu, ukawa unarudia neno moja, kwamba kosa ni lako, ungemburuta, ungemlazimisha, ungepiga kelele barabarani. Uliwaambia wageni. Uliwaambia watoto. Mimi nilikushika mkono nikakwambia ni mapenzi ya Mungu. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo linalonirudia nikiwa napiga mswaki, nikiwa nafunga mlango. Nilikuwa nikiwaambia wagonjwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Sikujua kwamba anaweza kuficha mmoja akafa mwingine.

Basi sikiliza, na ukimaliza kusoma uwasomee wanao kipande hiki, hata kama mengine utayachoma. Wewe ulikuwa sahihi. Hukuwa na cheti wala fremu, ulimtazama mumeo usoni ukajua, na ulishamshawishi, na viatu vilikuwa mguuni. Gari ulilipata. Ungefika naye, angepasuliwa, sasa hivi angekuwa analalamika kwamba kovu linamwasha. Hukukosea popote. Usiseme tena mbele ya mtu yeyote kwamba ungemburuta.

Sikuombi msamaha humu. Nimeanza kuuandika mara kadhaa, kila nikiusoma naona unafanana na ile taarifa ya wizi. Alhamisi nitaketi benchi la nyuma, usinitafutie kiti wala usinigeukie kama huwezi. Makochi na vyote vilivyotoka kwa Saruji vinauzwa wiki hii, na pesa yake itakufikia kupitia kwa wakili. Ni cherehani yako na karo ya wapwa, si fidia, kwa hiyo usiikatae kwa hasira. Bati za karakana ziache juu, mvua ikinyesha isimharibie mtoto mbao.

Nisalimie wapwa zangu kama utaona inafaa. Mkubwa mwambie aendelee na masomo, ila akitaja udaktari mwambie kwanza aje aniulize. Mdogo asisalimiwe na mimi bado. Majirani waliokusaidia kubeba msiba wape shukrani zako, si zangu. Na wewe meza dawa zako, tafadhali, hata kama aliyeziandika ni mimi. Hizo ni za kweli.

Jambo la mwisho. Fremu iko polisi kama kielelezo, na kesi ikiisha watauliza irudishwe kwa nani. Mtu atasema ni mali ya daktari. Wewe sema ni ya fundi. Watoe karatasi iliyomo ndani waifanye watakavyo, fremu uende nayo nyumbani, umpe mdogo airekebishe ile kona.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo.